UZI: Upembo, wavu kuukuu na kamba ya kukanyagia: zana za mkono za kuvunia zambarau, kunazi na kahawa huku Kanda ya Ziwa

Mpiga Upembo (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwadila.

Zambarau zikianza kugeuka rangi, jukwaa hujaa swali lilelile: "Nitumie nini kuvunia?" Watu wanataka wapewe zana. Mimi nasema tuanze na tunda, tuone linauachiaje mti wake, ndipo tutafute zana.

Angalieni lugha yenyewe. Tunda linalofikika kwa vidole tunalichuma. Lililo juu tunaliangua. Lile gumu lisiloumia likianguka tunalitungua kwa jiwe au kwa rungu. Linalolegea likiiva tunalipukutisha kwa kutikisa tawi. Lenye ganda gumu kama nafaka tunalipura. Lililojiangukia tunaliokota. Hivyo ni vitenzi sita na ni kazi sita tofauti. Ukipura zambarau unapata uji. Ukiangua mbula kwa nguvu unapata tunda bichi, kwa sababu mbula huanguka kabla haijaiva sawasawa na humalizia kuivia chini ya mti. Zana ya mbula ni ufagio wa kusafishia chini, basi.

Sasa zambarau, maana ndizo zinazotusumbua zaidi.

Kwanza, zambarau haiivi ndani ya kapu. Ukiitoa ikiwa ya pinki itabaki na ukakasi wake mpaka ioze. Pili, kichala kimoja huwa na za kijani, za pinki na nyeusi kwa wakati mmoja, kwa hiyo mti mmoja unarudiwa kila baada ya siku moja au mbili kwa wiki kadhaa. Anayetaka kumaliza mti kwa siku moja atajaza nusu ndoo ya tindikali. Tatu, na hili lishikeni, mti wa mzambarau ni msaliti. Tawi linaonekana nene na zima, lakini huvunjika ghafla bila kulia. Mwembe hulia kwanza, mzambarau hauna salamu. Kupanda juu kuwe jambo la mwisho, na ukipanda mguu ukae kwenye panda la shina, usiende kwenye tawi linalotoka kando.

Ndiyo maana tunatumia upembo, ule mti mrefu wenye kulabu nchani. Wengine mnauita ngoe au kingoe, ni kitu kilekile. Vipimo vyake:

Mti wake uwe mwanzi mkavu, shinani kipenyo cha sentimita 3.5 hadi 4. Urefu wa mita 3.5 hadi 4 unamtosha mtu mmoja kufanya kazi saa nzima bila mabega kufa ganzi. Ukitaka kwenda juu zaidi unganisha vipande viwili, vipishane sentimita 60, ufunge sehemu tatu kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli uliovutwa sana. Watu hufunga sehemu moja katikati, halafu wanashangaa kwa nini upembo unakunja shingo kama korongo. Zaidi ya mita 6 usijisumbue, ncha itayumba na utakuwa unachokonoa mbingu.

Kulabu ina njia mbili. Ya kwanza ni panda la mti mgumu, lenye pembe ya nyuzi 45 hivi, mkono mmoja wa sentimita 12 na mwingine wa 25 wa kufungia kwenye mwanzi. Ya pili ni nondo ya milimita 8 iliyopindwa na fundi. Nondo inadumu, ila inachubua gome, kwa hiyo izungushie ukanda wa tyubu mizunguko miwili. Tyubu inasaidia pia kulabu isiteleze.

Namna ya kutumia: usishike tawi nchani, litakatika. Usishike karibu na shina, halitatikisika. Shika theluthi ya mwisho kuelekea nchani. Vuta taratibu mpaka tawi likaze, kisha toa mitikiso mifupi mitatu au minne ya haraka, kama mtu anayekung'uta kanga. Zilizoiva zitadondoka. Ukiona za pinki zinashuka, umezidisha, hamia tawi jingine.

Muda ni asubuhi umande ukishakauka. Zambarau iliyolowa inaanza ukungu kabla ya kesho yake.

Maswali ruksa. Wenye ujuzi wa kahawa na kunazi karibuni, huko mimi si wa kusema sana.

---

Mwamba wa Igogo

Uzi mzuri mkuu. Ila umeruka furu. Nasema furu la mtini, lile jeusi la mfuru, si furu samaki wa ziwani, kabla watu wa mwaloni, soko la samaki, hawajaja hapa kutuuliza bei.

Halafu hili la kupura: wazee wengi hupiga matawi kwa fimbo na matunda yanashuka. Kosa liko wapi?

---

Mpiga Upembo

Kosa liko kwenye machipukizi. Fimbo haichagui. Inashusha tunda, na inashusha pia vijiti vichanga ambavyo msimu ujao vingebeba maua. Mti uliopigwa mwaka huu utauona mwakani umezaa upande mmoja, watu wanasema "umechoka". Kupura kunafaa kitu kilichokauka na chenye ganda, tena kikiwa kimeshatolewa mtini na kulazwa chini.

Furu la mtini halihitaji mengi. Likiwa jeusi hasa linaachia lenyewe. Tikisa kidogo, okota, kula siku hiyohiyo. Lenye kijani mgongoni liache. Kokwa lake ni kubwa, nyama ni kidogo, ukiwekea hesabu ya biashara utakata tamaa mapema.

---

Fundi Nyaya

Naongeza neno moja tu. Mizambarau mingi ya mjini imesimama chini ya nyaya za umeme. Hakuna bomba la chuma, hakuna bomba la alumini, hata kama ni jepesi na zuri. Mwanzi nao ukilowa unapitisha umeme. Kama kati ya ncha ya upembo ulionyooshwa na waya hapapatikani mita 3, tawi hilo waachieni ndege.

---

Mama Wavu wa Kirumba

Upembo mmeueleza vizuri, ila mmeacha nusu ya kazi. Tunda likishadondoka linatua wapi? Huku kwetu chini ni mawe matupu. Zambarau ikitoka mita 7 ikatua juu ya jabali, hiyo si zambarau tena, ni doa.

Kinachofaa ni wavu kuukuu wa dagaa. Macho yake ni milimita 8 au 10, zambarau haipiti, lakini mchanga, maua makavu na wadudu wadogo vinapita. Turubai nalo linashika tunda, ila linashika na maji na takataka zote, na upepo wa ziwani ukija unalibeba kama tanga. Wavu upepo unaupita.

Wavu wa dagaa una harufu, tusidanganyane. Loweka usiku mzima kwenye maji ya sabuni ya unga, sugua, suuza mara tatu, anika juani siku mbili ukiugeuza. Nusa. Ukinusa dagaa, na mnunuzi atanusa dagaa. Rudia.

Chandarua cha kulalia chenye dawa msitumie. Najua kipo kila nyumba na ni laini kuliko wavu, lakini kimewekwa dawa ya kuua mbu na tunda hili linaliwa na ganda lake bila kumenywa.

Kufunga: kipande cha mita 4 kwa 4 kinatosha upande mmoja wa mti. Tia kamba kwenye pembe nne. Pembe tatu zifunge kwenye miti au mawe usawa wa kiuno, ya nne ishushe mpaka goti. Wavu usikazwe. Wavu uliokazwa ni ngoma, tunda linadunda na kurukia nje au linapasukia hapohapo. Ulegee kiasi kwamba ukiweka jiwe la nusu kilo katikati unashuka kiganja kimoja hadi viwili. Matunda yatajiviringisha yenyewe hadi pembe ya chini, hapo weka ungo au beseni pana.

Kinachowashinda wengi ni kuacha matunda yajikusanye wavuni. Uzi wa wavu ni mwembamba, mzigo ukiongezeka unachora ganda la yale ya chini, na tunda lenye mchoro linaanza kutoa maji ndani ya saa chache. Kila zikifika sado mbili hivi, toa.

Na vyombo: ndoo ya lita 20 si chombo cha zambarau. Ukiijaza, robo ya chini ni juisi. Tumia beseni pana au kreti, kina kisizidi kiganja kimoja, tandika majani ya mgomba yaliyofutwa maji. Msizioshe kabla ya kuuza, anayekwenda kula ndiye ataosha. Tena msioshe kwa maji ya ziwa, hata yakionekana maangavu kiasi gani.

---

Mwamba wa Igogo

Mama, wabeja. Na madoa ya mikono?

---

Mama Wavu wa Kirumba

Ndimu kwanza, sabuni baadaye. Ukianza na sabuni, ile rangi ya zambarau inageuka bluu na kung'ang'ania. Rangi hiyo hubadilika kwa uchachu: kwenye ndimu inakuwa nyekundu na kulegea, kwenye sabuni au magadi inakuwa bluu. Nguo ni vivyo hivyo, ila ya rangi jaribu pembeni kwanza.

---

Kibanja cha Muleba

Salaam kutoka ng'ambo ya ziwa. Mwanzisha uzi ametaja kahawa, acheni niseme kwa urefu, kwa sababu hili ni tunda ambalo watu husahau kwamba ni tunda.

Kahawa yetu ya Kagera sehemu kubwa ni robusta, na robusta isiyokatwa ni mti, si kichaka. Shina za zamani kwenye vibanja zinapita mita 5 bila shida. Kwa hiyo kuna zana mbili za lazima, upembo mfupi na kamba.

Upembo wa kahawa hauhitaji kutikisa chochote. Kahawa haitikiswi. Kazi yake ni kuinamisha shina lije kwa mchumaji. Urefu ni mita 1.5 hadi 2 tu. Kwenye tako la upembo funga kamba ya katani au manila yenye kitanzi mwishoni. Ukishainamisha shina, tia mguu kwenye kitanzi, kanyaga. Sasa mguu ndio unaoshikilia mti, na mikono yote miwili iko huru kuchuma. Anayeshikilia shina kwa mkono wa kushoto na kuchuma kwa wa kulia anafanya kazi nusu na anachoka mara mbili.

Inamisha shina ukilivuta kuelekea upande linakoegemea tayari. Ukilipinda kinyume litapasuka kwenye kiungo na kisiki, na mpasuko huo hautauona mpaka majani yaanze kunyauka. Achia polepole. Ukiachia ghafla, tunda zilizobaki zinaruka kama mawe ya manati.

Kuchuma kwenyewe: shika tunda moja kati ya dole gumba na cha shahada, zungusha kidogo, vuta. Lililoiva linatoka bila kubishana. Likigoma, halijaiva. Usikwangue tawi zima kwa kiganja toka shinani hadi nchani. Unachanganya nyekundu na kijani, unang'oa majani, na unavunja ncha changa. Huko nchani ndiko yatakakotokea mafundo ya kuzaa mwaka kesho. Biashara ya butura, ile ya kuuza kahawa ikiwa bado ua mtini, ambayo serikali imeipiga marufuku, ilifundisha watu kukwangua, kwa sababu aliyekwisha kulipa hana haja ya kungoja tunda liive.

Robusta ina subira kuliko arabika. Tunda lililoiva hushikilia tawi kwa muda, haliangukii chini upesi. Kwa hiyo unaweza kupita mti kila baada ya siku 10 hadi 14. Subira isizidi, maana ruhuka, yule mdudu anayetoboa tunda na kutaga ndani, anapenda sana tunda lililokaa. Mzunguko wa mwisho ukiisha, safisha: ondoa kila tunda lililobaki mtini na lililoanguka chini, hata jeusi lililokauka. Humo ndimo ruhuka anangojea msimu ujao. Hayo masalia yachome au yafukie kwa kina, usiyatupe shimo la mbolea.

Chombo cha kuchumia ni kikapu kidogo au ndoo ya lita 10 inayofungwa kiunoni kwa ukanda mpana. Ukanda mwembamba unakata nyonga. Usitumie mfuko wa plastiki, kahawa mbichi inapumua, ndani ya plastiki inapata joto na kuanza kuchacha jioni hiyohiyo.

Uanikaji: siku hiyohiyo, si kesho. Chanja ya usawa wa kiuno yenye wavu au mkeka juu, tabaka la sentimita 3 hadi 4, geuza mara kadhaa kwa siku, funika jioni na mvua ikinusa. Wiki 2 hadi 3 kama jua lipo. Imekauka pale ukichukua kiganja na kukitikisa karibu na sikio unasikia mbegu zinacheza ndani ya ganda. Ya kuanikwa kwenye udongo inachukua harufu ya udongo na ukungu, na harufu hiyo haiondoki hata ikikobolewa.

Hesabu ya haraka ili mtu asishangae mizani: kilo 5 za tunda mbichi hutoa takriban kilo 2 za kahawa ya maganda, yaani iliyokauka bila kukobolewa, na kilo 1 hivi ya kahawa safi iliyokobolewa.

---

Kijana wa Buhongwa

Wakuu, shikamooni. Kuna video nimeona Wazungu wanavuna vitunda vya bluu kwa kitu kama kitana kikubwa chenye kisanduku. Wanachota tu kama wanachota mchanga, ndoo inajaa dakika chache. Kwa nini hatutengenezi hiki kwa kahawa au zambarau? Fundi bati yeyote wa Mabatini anaweza.

---

Kitana na Kisanduku

Marahaba. Fundi ataweza kukitengeneza, lakini mti ndio utakaokikataa. Ngoja nieleze kinavyofanya kazi kule kwao.

Ni kisanduku cha mbao, bati au plastiki, wazi upande wa mbele, chini yake kuna meno marefu ya chuma yaliyopangwa kama ya kitana, mpini juu au nyuma. Nafasi kati ya jino na jino ni ndogo kuliko tunda lakini ni kubwa kuliko kijiti na jani. Unaingiza meno chini ya kichaka, unainua huku unarudisha kifundo cha mkono nyuma. Vijiti vinapita kati ya meno, tunda linakwama, linang'oka na kuviringika ndani ya kisanduku. Ukivuta moja kwa moja bila kukunja kifundo unang'oa kichaka na mizizi yake.

Sweden na Finland kinatumika msituni kwa bluberi na lingoniberi, na kule mtu yeyote anaruhusiwa kuokota tunda za mwituni hata kwenye msitu usio wake. Jimbo la Maine, Marekani, wanacho chenye mpini na meno mengi zaidi kwa mashamba ya bluberi za mwituni. Shamba hugawanywa kwa kamba kuwa mistari, kila mvunaji na mstari wake, ili pasirukwe wala pasirudiwe.

Sasa angalia masharti yaliyokifanya kifae. Kichaka cha bluberi za mwituni kinafika kwenye kifundo cha mguu au goti, hakuna tawi nene. Tunda ni dogo, la mviringo na gumu kiasi. Nyingi huiva kwa pamoja. Majani ni madogo na yanapepetwa baadaye: humwagwa toka juu kwenye upepo, au huviringishwa kwenye ubao ulioinama uliotandikwa kitambaa, tunda linashuka, jani linabaki.

Zambarau haina hata sharti moja kati ya hayo. Kahawa ina tunda gumu la mviringo, lakini tunda lake limebana kwenye fundo la tawi gumu na linaiva kwa zamu. Kitana kwenye kahawa ni kule kukwangua alikokukataza Kibanja, tofauti ni kwamba sasa unakwangua kwa chuma. Forosadi nayo ni laini mno, meno yataipondaponda. Forosadi unatandika shuka safi, unatikisa tawi kwa mkono, basi.

Kuna tunda jingine la huko, kranberi, lenye mbinu ya ajabu zaidi. Zamani walilivuna kwa chombo hichohicho cha meno ya mbao, wakitambaa kwa magoti. Siku hizi, Wisconsin na Massachusetts, tunda za kwenda kiwandani huvunwa kwa kujaza maji shambani. Maji yanavurugwa, tunda zinang'oka na kuelea, kisha zinakokotwa kwa kizuizi kinachoelea mpaka kona moja. Zinaelea kwa sababu ndani ya tunda mna vyumba vinne vya hewa. Ni hewa hiyohiyo inayoifanya kranberi nzima idunde ikidondoshwa ubaoni. Iliyooza haidundi, inabaki palepale.

---

Kibanja cha Muleba

Hapo pa maji pamenifurahisha, maana sisi tunatumia maji hayohayo kinyume. Kranberi nzuri huelea, kahawa nzuri huzama. Mimina tunda mbichi kwenye beseni au pipa la maji safi kabla ya kuanika, koroga mara moja. Zinazoelea ni zilizotobolewa na ruhuka, zilizokaukia mtini au zisizo na mbegu kamili. Zitoe kwa chujio, zianike peke yake, ziuzwe kwa bei yake. Zoezi lisizidi dakika chache. Ukiziacha zilowe nusu saa umeanza kuzivundika.

---

Kijana wa Buhongwa

Nimeelewa wakuu. Kwa hiyo tunda gani la huku linaweza kuvumilia kitana?

---

Kitana na Kisanduku

La mtini, hakuna ninaloweza kulitetea. Mnavu una vitunda vidogo, lakini watu huulima kwa majani, na kuutia kitana ni kuuharibu. Peleka bati lako kwenye chanja ya kuanikia, utalipwa haraka zaidi.

---

Miba ya Kwimba

Kunazi hamjazigusa na huku kwetu ndizo nyingi. Mkunazi una miba miwiliwili, mmoja umenyooka na mwingine umepinda kama ndoana. Ule uliopinda ndio mbaya: mkono unaingia vizuri, unatoka na damu. Kwa hiyo hauchumwi kwa vidole, na kupanda ndiyo usithubutu.

Mpangilio ni huu. Siku moja kabla, fagia chini ya mti mpaka udongo ubaki mtupu, na choma zile zilizokuwa zimeanguka au wape mbuzi. Za zamani zina mabuu ya nzi, zikichanganyika na mpya huwezi kuzitenganisha kwa macho. Kesho yake asubuhi zilizodondoka usiku ndizo tamu kuliko zote, ziokote kabla mbuzi hawajafunguliwa. Mbuzi hana subira na kunazi.

Halafu tandika wavu au magunia yaliyoshonwa, uje na upembo. Hapa upembo uwe na panda mbili: moja ya kulabu ya kutikisia, nyingine imeangalia juu kama manati, ya kusukumia tawi la miba lisikurudie usoni. Tikisa. Za njano iliyoiva na za kahawia zinashuka, za kijani zinabaki. Kwa kuwa ni ngumu hazipasuki hata zikianguka toka juu, kwa hiyo wavu wako unaweza kulala chini kabisa, si lazima uning'inie kama wa zambarau.

Kuchambua: mimina kwenye ungo, pepeta majani, kisha viringisha zikipita mbele yako, ondoa zenye tundu. Tundu dogo kama la sindano tayari lina mkazi ndani.

Kuanika: chanja, si ardhini, mpaka ganda lijikunje na ukibinya kusitoke maji. Weka kwenye gunia la katani. Kwenye gunia la salfeti zinatoa jasho.

Glavu za tyubu zinasaidia, ila zile za kufumwa za dukani hazina maana, mwiba unapita katikati ya nyuzi.

---

Mwamba wa Igogo

Na ntonga?

---

Miba ya Kwimba

Ntonga ina ganda gumu, kwa hiyo watu hudhani inaweza kutunguliwa. Inatunguliwa, ndiyo, lakini ikipata ufa hata mwembamba, ndani inaanza kuchacha. Tia mfuko mdogo wa wavu chini ya kulabu ya upembo, zungusha mpaka kikonyo kikatike, ishushe ikiwa mfukoni. Subiri igeuke njano kwanza. Ya kijani ni chungu, na kokwa zake usitafune.

---

Dada wa Sengerema

Swali la mwisho kwa mwanzisha uzi. Mianzi tunayonunua inatobolewa na fukusi ndani ya mwaka, unga mweupe unamwagika tu. Upembo unavunjikia mtini. Dawa ni nini?

---

Mpiga Upembo

Dada, fukusi anafuata wanga ulio ndani ya mwanzi. Mambo matatu. Nunua mwanzi uliokomaa, wa miaka mitatu na kuendelea. Utaujua kwa kuwa hauna tena unga mweupe nje, una madoamadoa ya kijivu, na ukigongwa unalia kikavu. Mwanzi mchanga una maji mengi, ukikauka unajikunja. Pili, ulaze ndani ya maji wiki 2 hadi 3, wote uzame, umekandamizwa kwa mawe. Ziwa lipo. Maji yanautoa wanga, na usishtuke ukinuka, ndivyo unavyotakiwa. Chagua mahali pa wazi, usiingie kwenye matete. Tatu, usiukaushe juani, utapasuka kwa urefu. Usimamishe kivulini, penye upepo, wiki 3 au 4, ukiugeuza kichwa chini mara moja katikati.

Ukishakauka, ning'iniza juu ya jiko la kuni unapopita moshi, msimu wote usipoutumia. Usiuegemeze ukutani, utapinda, na upembo uliopinda unashika tawi la pembeni badala ya lile ulilolilenga.

---

Dada wa Sengerema

Wiki tatu majini, nne kivulini. Kwa hiyo wa msimu huu niazime.

---

Mpiga Upembo

Azima. Ila kagua kulabu kabla ya kuutumia: ivute kwa mikono miwili ukiwa umekanyaga mwanzi. Ikicheza hata kidogo, funga upya.